Mtu Waliyemweka Katikati

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa basi la chuo, na kabla hatujafika Morogoro nilikuwa nimeshaanza kujuta. Kiti changu kilikuwa cha nyuma kabisa, juu ya tairi, pamoja na stendi za kamera na mwavuli mweupe wa taa uliokuwa ukinidondokea begani kila dereva alipokanyaga breki. Wenzangu wa darasani walikuwa vijana ambao ningeweza kuwazaa. Walinipa kiti kile kwa adabu zote. "Mzee akae nyuma, kule atanyoosha miguu." Niliinyoosha juu ya sanduku la printa hadi Singida, tulikolala, na kesho yake hadi Shinyanga, Bariadi na Lamadi, nikisikiliza ubishi wa njia nzima kuhusu lenzi ipi inamfanya mtu maskini apendeze zaidi.

Mbele, nyuma ya dereva, alikaa mhadhiri wetu. Tulimwita Dokta. Alikuwa amesoma Ulaya na kurudi na skafu, ambayo hakuivua hata Dodoma jua likiwa la utosi. Kila tulipopita mahali penye mwanga uliompendeza alisimamisha basi, tukashuka sote, tukautazama mwanga, tukapanda tena. Lingekuwa basi la abiria, abiria wangemshusha na mizigo yake.

Nieleze nilivyojikuta humo. Nina elimu ya kidato cha nne. Nimepiga picha tangu enzi za filamu: harusi za Kahama, mahafali ya Tunduma, sherehe za kipaimara za Songea. Sijawahi kudumu katika mji mmoja. Nikishaijua njia ya kwenda sokoni bila kufikiri, naanza kuuchukia. Halafu nikishaondoka, naukumbuka. Jijini ndiko nilikoambiwa kwamba picha siku hizi si kazi ya mikono, ni kazi ya ubunifu, na kazi ya ubunifu ina cheti. Bwana mmoja wa kampuni ya matangazo alizipitia picha zangu zote, akazisifu, kisha akauliza nimesomea wapi. Nilipomjibu, alizirudisha kwenye bahasha taratibu, kama mtu anayefunika chakula kilichochacha. Basi nikajiunga na chuo kikuu, astashahada ya upigaji picha, nikiwa na mvi za kwanza. Nilidhani nitafundishwa kitu. Muhula mzima wa kwanza tulisoma maana ya kutazama.

Ningekuwa nimeshaacha, lakini ilitangazwa kwamba mafunzo kwa vitendo yatafanyika mkoa wa Mara. Mimi nilikulia Susuni, huko Tarime. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuja, aliyepelekwa kwa uhamisho na kuondolewa kwa uhamisho. Nilisoma pale mpaka darasa la saba, nikajua Kikurya cha kutosha kutukana na kuomba msamaha. Tangu tulipoondoka sijapata maziwa ya mgando yanayofanana na yale, na nimeyatafuta. Kwa hiyo nilipanda basi kwa ajili ya maziwa. Sababu za wenzangu hazikuwa nzuri kuliko yangu.

Kutoka Bunda tulikata kulia, tukaenda kuanzia Natta. Hapo tulikaa jirani na kambi za watalii, na hapo ndipo nilipoona tunachofunzwa. Dokta alimpata mchungaji mmoja akirudisha ng'ombe, amevaa jezi ya mpira na gambuti. Alimtazama kwa huzuni.

"Mwambieni avue jezi," alisema.

"Nikivua hii nivae nini?" mchungaji aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Hakukuwa na haja ya kumwambia kupitia kwetu.

"Vaa vazi lako la asili."

"Shuka? Nimemfunika nalo ndama, anaumwa."

Binti mmoja wa darasa letu alikuwa na shuka jekundu alilonunua Arusha kwenye duka la zawadi. Lilitolewa kwenye begi, bado lina alama za mikunjo ya dukani. Mchungaji alilishika kwa vidole viwili.

"Hili la Wamasai."

"Haidhuru," alisema Dokta, "picha itakuwa nyeusi na nyeupe."

Mchungaji alilivaa, akasimama walipomwambia, akatazama mbali walipomwambia atazame mbali. Walipomaliza aliwauliza kule mbali alikuwa anatazama nini. Alivaa jezi yake akawafuata ng'ombe, na jioni ile Dokta alitufundisha saa nzima kuhusu uhalisia.

Baadaye tulipita Mugumu, tukavuka mto Mara, tukaingia Tarime na kufikia nyumba ya wageni Nyangoto. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Nyangoto ni jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu, na kwa watu wa pale picha si ukumbusho. Ardhi inapohitajika, watathmini huja, wanamsimamisha mwenye mali mbele ya nyumba yake, wanampiga picha. Aliyemo kwenye picha ndiye mwenye nyumba, na ndiye wa kufidiwa. Basi mtu wa Nyangoto akiona kamera hacheki. Anaingia ndani, anavaa koti, anatoka, anasimama wima mbele ya mlango, mikono ubavuni, hapepesi macho mpaka umalize. Ndugu wa tumbo moja wamewahi kuacha kusalimiana kwa sababu ya nani alisimama wapi. Na siku zile tulipofika, watathmini walikuwa wanasubiriwa upande ule.

Vijana wetu hawakuelewa. "Mbona wanakakamaa hivi?" mmoja alilalamika. "Sipati hisia."

"Ni hofu ya kamera iliyoachwa na ukoloni," alieleza Dokta.

Nilimweleza habari ya watathmini. Nilimweleza polepole, kama anavyopenda kuelezwa. Alitikisa kichwa kwa upole.

"Asante, mzee. Iandike kwenye tafakuri yako ya wiki."

Nilikuwa nimeshapata maziwa. Nyuma ya nyumba ya wageni, ng'ambo ya shamba la muhogo, kulikuwa na mji, yaani boma, wa mama mmoja mjane. Nilimsalimia shikamoo kwa Kiswahili, kisha nikaendelea kwa Kikurya changu cha darasa la saba, akaweka jembe chini.

"Wewe ni wa nani?"

"Mtoto wa mwalimu, mama. Aliyekuwa Susuni."

"Mwalimu yupi? Walimu wa Susuni walikuwa wengi kuliko mbuzi." Lakini alinikaribisha, na asubuhi zote nilizokaa pale nilikunywa maziwa ya kibuyu nyumbani kwake, nikichelewa makusudi vipindi vya Dokta.

Mama yule hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, alifanya kama wanavyofanya wanawake wa Kikurya walio katika hali yake: alitoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa binti, ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Watoto anaozaa binti ni wajukuu wa mama, wanabeba jina la mji ule, na mji haufi. Nyumba waliijenga wao wawili, ya matofali ya udongo na bati, baada ya ile ya zamani kuanguka. Wajukuu walikuwa watatu, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni.

Tatizo lilikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa mji wa pili. Miaka yote hakuonekana. Iliposikika kwamba watathmini watapita, alianza kuja kusalimia. Kisha akaanza kusema kwenye vilabu kwamba mji usio na mwanamume ni mji wa ndugu za marehemu, na kwamba nyumba ile imesimama kwenye ardhi ya baba yake. Mama alinisimulia bila kulia wala kupaza sauti.

"Siku watakapopiga picha," alisema, "nitasimama mimi, na mke wangu, na watoto wangu. Yeye akisimama pale, sisi tumekwisha. Tutahamia wapi? Kwao mke wangu ng'ombe wameshaliwa."

Yule binti, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko panga lake, aliongeza: "Akisimama nitammwagia maji ya ugali."

Nilipaswa kufunga mdomo kuhusu mji ule. Lakini Dokta aliniuliza asubuhi natoka wapi, na mimi, kwa kumbukumbu za Susuni, nilimsifia mama na maziwa yake. Siku hiyohiyo alasiri walikuja wote, basi zima, na taa, na mwavuli, na ile sahani ya fedha ya kurudisha mwanga, ambayo nilipewa mimi niishike kwa kuwa Dokta alisema mikono yangu ina utulivu wa umri.

Mama alinivuta pembeni. "Hawa ni watathmini?"

"Hapana, mama. Ni wanafunzi. Picha ni ya shule tu."

"Haitatumika?"

"Itabandikwa ukutani chuoni, waitazame, wasahau."

"Kama ni ya shule, haina neno," alisema, akaenda kufunga kitambaa kichwani.

Kamera haikai pale dakika nyingi bila habari kufika. Shemeji alitokea kwenye njia ya muhogo amevaa koti jeusi na kofia, ameshika fimbo. Alikuwa mtu mrefu sana, mwembamba, mwenye uso ambao wapiga picha wa aina ya Dokta huuota usiku. Binti alimwona kwanza.

"Mzee, leo umevaa koti la msibani. Nani amekufa?"

"Nimekuja kuwaona wageni wa kaka yangu."

"Kaka yako yuko kule kaburini. Wageni wako huku."

Shemeji aliweka kofia sawa. Alisimama tu mahali ambapo Dokta angemwona, na Dokta alimwona. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye aliyekosekana."

Nilishusha sahani. "Dokta, huyo mzee si wa nyumba hii."

"Ni wa familia?"

"Ni shemeji. Lakini hapa mtu anayesimama mbele ya nyumba..."

"Picha inahitaji mhimili, mzee. Bila mhimili ni watu tu wamekaa." Akamshika shemeji mabega kama mtu anayepanga kabati, akamweka katikati kabisa, mgongo kwenye mlango. Mama akakalishwa chini kushoto kwenye kigoda. Binti akaambiwa apige magoti kulia, na watoto wakamwagwa mbele kama kuni. Binti alikuwa amekunja uso hata mshipa ulionekana. Dokta alifurahia ule mshipa. Mama alinitazama mimi, si kamera.

"Ni ya shule tu, mama," nilimwambia tena.

Wakapiga. Nasikia picha ile hadi leo imetundikwa kwenye korido ya idara, kubwa, ndani ya fremu, na chini yake wameandika *Mhimili*. Ni picha nzuri. Mwanga umekaa vizuri sana kwenye lile koti.

Jumamosi Dokta alifanya maonyesho mbele ya ofisi ya kijiji. Kuirudishia jamii, alisema. Sehemu ya mtaala. Picha zilitundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, na kila moja nyuma iligongwa muhuri wa chuo kikuu, rangi ya bluu, na sahihi yake juu ya muhuri. Kwenye simu kila mtu pale ana picha za nyumba yake. Muhuri hakuwa nao hata mmoja. Watu waliziangalia picha mbele kidogo, wakazigeuza kuangalia nyuma kwa muda mrefu, na vijana wetu waliandika kwenye tafakuri zao kwamba jamii ina namna yake ya kipekee ya kutazama sanaa.

Ilipofika zamu ya picha ya mji wa mama, Dokta aliiinua juu. "Baba wa familia hii yuko wapi?"

Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, mtoto mgongoni mwa binti kando yake. Shemeji alipita mbele yao, akavua kofia, akapokea kwa mikono miwili, na wanafunzi wakapiga makofi. Nilijaribu kufika mbele. Nilipofika, ilikuwa imeshaingia ndani ya koti.

Kesho yake asubuhi hapakuwa na maziwa. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Uliniambia ni ya shule."

"Nilikwambia hivyo, mama."

"Ameipeleka kwa mwenyekiti. Anasema wasomi wamekuja kutoka Dar, wamechunguza, wamemweka yeye. Kikao ni Jumatano." Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kujifichia. "Wewe utakuwepo Jumatano?"

Jumatano ndiyo siku basi lilipangwa kuondoka.

Nilimwendea Dokta nikamwomba kitu kimoja kidogo, asimame mbele ya mwenyekiti aseme kwamba yule mtu alipangwa na yeye. Alikuwa anasafisha lenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza ni moja ya ustadi aliosomea.

"Unaniomba nitafsiri kazi yangu," alisema. "Msanii hatafsiri."

"Dokta, watu wanapoteza nyumba."

"Hiyo ni migogoro ya kijamii. Tukiingia humo tunaharibu utafiti, mwakani hatutaruhusiwa kurudi. Na wewe, mzee, tathmini yako ya mwisho naiandika mimi, unajua. Ukikosa basi, umekosa mafunzo kwa vitendo. Ukikosa mafunzo, hakuna astashahada."

Sitadai kwamba niliamua kishujaa. Nilikaa nje ya nyumba ya wageni nikiitafakari ile astashahada, bwana wa matangazo akinifungulia tena bahasha, na nikagundua kwamba sikumbuki kitu hata kimoja walichonifundisha ambacho ningemweleza mama yule bila kuona aibu. Hilo lilinisaidia zaidi ya ushujaa.

Kikao kilikuwa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, wazee kwenye mabenchi, watu wengine wamesimama juani. Mwenyekiti alikuwa ameshika picha kwa kingo zake. Shemeji alikuwa na lile koti.

"Mimi sikuwaambia chochote," alisema shemeji. "Nilikuja kusalimia. Waliosoma wenyewe walinishika mabega, wakaniweka mlangoni kwa kaka yangu. Msomi hawezi kumweka mtu katikati bila kufanya utafiti. Geuza, mwenyekiti, kuna muhuri."

"Muhuri nimeuona," alisema mwenyekiti. Kisha kwa mama: "Na wewe ulikaa chini, ukakubali."

"Nilikaa kwa sababu niliambiwa ni ya shule. Aliyeniambia yule pale."

Watu wakageuka. Nikasogea mbele, nikawaamkia wazee shikamoo, nikasema ninachokijua: kwamba picha ilipigwa na mwalimu wetu, kwamba hakuuliza mtu yeyote nyumba ni ya nani, na kwamba nilimwambia huyu si wa hapa.

"Sasa kwa nini alimweka katikati?" mzee mmoja wa benchi la mbele aliuliza.

"Kwa sababu ni mrefu, mzee. Na ana koti jeusi, na ukuta ni mwekundu."

Mzee alifikiri.

"Kwa hiyo angepita ng'ombe mweusi, mrefu?"

"Angewekwa ng'ombe."

Kicheko kilianzia kwa waliosimama juani kikaingia kibarazani. Binti alisema kwa sauti ya kusikika, "Na ng'ombe angetupa maziwa." Shemeji akagonga fimbo chini.

"Huyu ni nani hata mnamsikiliza?" alifoka. "Wewe ni nani pale chuoni?"

"Mwanafunzi."

"Na mvi hizo?"

Wakacheka tena, safari hii mimi ndiye niliyechekwa, na walikuwa na haki. Mwenyekiti hakucheka. Alisema maneno ya mwanafunzi ni maneno ya mwanafunzi, muhuri ni wa mwalimu, na kama mwalimu yuko kijijini basi aitwe. Mgambo alitumwa. Basi lilikuwa bado linapakiwa mizigo. Mambo ya wasanii hayaondoki kwa wakati. Dokta alikuja na skafu yake, akapewa kiti, akakaa kwenye ukingo wake.

"Mwalimu, hii ni yako?" mwenyekiti alimwonyesha.

"Ni kazi yangu, ndiyo."

"Ulijuaje kwamba huyu ndiye mwenye nyumba?"

Dokta alinitazama kwanza. "Mheshimiwa, picha si kauli. Picha ni mwaliko. Kila mtazamaji anaisoma kwa namna yake."

Mwenyekiti alisubiri ili ayaelewe hayo, akaona hayaeleweki. "Nisaidie. Picha yako inasema kitu au haisemi?"

"Inasema mengi."

"Inasema nyumba ni ya nani?"

Niliwahi kumsikia mtu yule akizungumza kwa saa tatu bila kunywa maji. Pale aliomba maji, na kule nyumba ya wageni dereva wa basi akapiga honi.

"Haisemi hilo," alisema.

"Na muhuri?"

"Muhuri ni wa... ni utaratibu wetu tu."

"Basi chukua picha yako." Mwenyekiti alimrudishia palepale, mbele ya wote, na Dokta akaipokea kwa mkono mmoja, haraka, akaondoka nayo. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini kwamba nimekidhalilisha chuo, na nisijisumbue kupanda basi. Ndiyo sentensi pekee iliyonyooka niliyowahi kumsikia akiisema.

Baada ya hapo kikao kilifanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo: kiliwauliza majirani. Mmoja alisema ng'ombe wa kumwolea binti walitoka zizini kwa mama, aliwaona wakipita shambani kwake na kumkanyagia mihogo. Mwingine alisaidia kubeba bati. Fundi aliyejenga alisema aliagizwa na wanawake wawili na hakumwona mwanamume yeyote hata wa kumpa maji. Mwenyekiti alimuuliza shemeji kama ana jirani yake wa kumleta. Alisema jirani yake alikuwa ile picha. Wazee waliinamiana vichwa, kisha mwenyekiti akatamka kwamba nyumba na kiwanja ni vya mama na mji wake, na siku ya tathmini watasimama wao peke yao, na shemeji asionekane hata kwenye njia ya muhogo.

Mama aliitikia mara moja tu kwa kichwa. Binti ndiye aliyelia, kwa hasira, akimtukana shemeji kwa Kikurya ambacho hata mimi sikukifundishwa Susuni.

Nilipofika nyumba ya wageni, basi lilikuwa limekwenda. Mzigo wangu waliuacha mlangoni, umefungwa vizuri. Kamera ilikuwa ya chuo, waliichukua. Nilikaa siku kadhaa zaidi, nikijidanganya kwamba huenda nikabaki. Nilikwenda Susuni. Nyumba yetu ya shule ilikuwa ofisi, uwanja umelimwa mahindi, na hakuna aliyemkumbuka baba, isipokuwa mama mmoja aliyedhani ni yule mwalimu mlevi. Hakuwa yeye, lakini nilikubali ili mazungumzo yaendelee. Nilirudi Nyangoto nikiwa sijui ninarudi kufanya nini.

Watoto wa shemeji ndio walioniamulia. Walikuwa wanaume wawili wazima, warefu kama baba yao, walinikuta nanywa chai mgahawani wakakaa kila mmoja upande wake.

"Mura," alisema mkubwa, kama vijana wa pale wanavyoitana, ingawa nilimzidi sana umri, "wewe umesoma?"

"Nimeacha."

"Vizuri. Aliyeacha shule hana cha kufanya hapa. Kesho tukikuona, tutakupanga sisi. Tutakuweka katikati." Akanilipia chai, ili isisemekane kwamba alinitisha bure.

Asubuhi nilipita kuaga. Walikuwa wanakandika ukuta wa mbele, mama na mke wake, udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Watoto walikuwa wanaukanyaga kwenye shimo. Nilimwambia mama kwamba nikipata kamera ningependa kuwapiga picha moja nzuri, wao wenyewe, ya bure.

"Usituletee tena picha," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anautazama ukuta, sehemu karibu na mlango iliyokuwa bado na ufa. "Wakija wale wenyewe tutasimama. Wewe nenda salama. Msalimie mama yako kama yupo."

Nikamwambia yupo, ingawa alishafariki. Binti alinipungia mkono wenye udongo, tone likamrukia mtoto, mtoto akalia, na wote wakamgeukia yeye. Nilipanda pikipiki mpaka Tarime mjini, na pale stendi nikapanda gari la kwanza lililokuwa limejaa, bila kuuliza linakwenda wapi. Lilikuwa la Sirari, mpakani na Kenya. Sijarudi upande ule tena, wala chuoni.